Kukandwa kwa Kipimo: Safari ya Mombasa hadi Hyderabad pamoja na Mjomba

Kumbukumbu hizi nimeziandika baada ya kurudi Mombasa, nikitegemea daftari nililokuwa nikilijaza kila usiku pamoja na picha za simu. Watu wengi wameniuliza gharama, njia, na kama kweli kuna tofauti kati ya kukandwa na tabibu wa Kiyunani (tiba ya kale yenye asili ya Ugiriki, ambayo India huitwa Unani) na kukandwa na mkandaji wa mtaani. Swali la mwisho ndilo lililonishughulisha zaidi safari nzima, na ndilo nitakalolirudia mara nyingi hapa.

Kabla ya kuondoka

Mjomba wangu, kaka wa mama, alipatwa na kiharusi mwaka mmoja na nusu kabla ya safari hii. Kutembea alirudia kwa msaada wa mkongojo, lakini mkono wa kushoto ulibaki umekunjika kwenye kiwiko na vidole vimejifumba ngumi, na bega lilimuuma kila usiku. Wanawe walitaka tujaribu India, ambako tiba ya Kiyunani ni tiba rasmi yenye vyuo, hospitali za serikali na wizara inayoisimamia, yaani Wizara ya Ayush iliyoundwa mwaka 2014. Tabibu wake husoma miaka mitano na nusu, mwaka wa mwisho ukiwa wa mazoezi hospitalini. Daktari wetu wa Mombasa hakupinga, ila alitoa sharti moja: dawa za presha na za kuzuia damu kuganda zisiachwe hata siku moja.

Kwa anayefikiria safari kama hii, karatasi ndizo kazi kubwa kuliko nauli. Tangu mwaka 2023 India inatoa viza maalumu ya Ayush kwa wanaokwenda kutibiwa kwa tiba za asili zinazotambuliwa, na msindikizaji huombewa viza yake. Ombeni kwanza barua ya kituo mtakachotibiwa, kisha ndipo mfungue fomu mtandaoni. Cheti cha homa ya manjano si cha kubahatisha, kwa kuwa chanjo lazima iwe imetimiza siku 10, na anayetoka Kenya bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita.

Jumatano na Alhamisi: Mombasa, Nairobi, Mumbai

Tulipanda treni ya asubuhi Miritini, daraja la kawaida, shilingi 1,500 kila mmoja. Tukalala kwa jamaa Nairobi, na siku ya pili tukaenda uwanja wa ndege mapema, kumbe mapema hiyo haikuwa na faida, maana ndege ilichelewa kwa saa nyingi na hakuna aliyetueleza sababu. Kiti cha magurudumu tulikuwa tumekiomba wakati wa kununua tiketi, nacho hakilipiwi. Bila hicho nisingejua la kufanya. Pale penye kungoja, mama mmoja wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa akienda kuwaona wajukuu Gujarat, alimwona Mjomba akilishika bega lake akatoa shali ya sufu kwenye mkoba wake na kumfunika, akimwambia kwa Kiswahili safi kabisa, "Mzee, ugonjwa huu hautaki baridi." Nilikuja kulisikia neno hilohilo kutoka kwa tabibu, kwa maelezo marefu zaidi. Shali hakuidai tena.

Safari ya angani ni chini kidogo ya saa sita. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na ile nusu ndiyo iliyonivuruga mpangilio wa kumpa Mjomba dawa zake. Wekeni kengele ya simu kabla ya kushuka.

Ijumaa usiku: treni ya Hyderabad

Tungeweza kuruka kwa ndege, lakini Mjomba alikataa uwanja mwingine. Treni iitwayo Hussainsagar Express huondoka Mumbai karibu saa nne usiku na kufika Hyderabad mchana wa siku ya pili, mwendo wa saa kumi na nne hivi. Daraja la pili lenye kiyoyozi lilitugharimu chini ya rupia 2,000 kila mmoja, na rupia moja wakati ule ilikuwa kama shilingi moja na nusu ya Kenya. Tulipewa vitanda vya juu vyote viwili. Nilikuwa bado ninatafuta maneno ya kuomba msaada, na tayari kijana mmoja pamoja na mkewe walikuwa wamehamisha mizigo yao kimya kimya, wakapanda juu na kutuachia chini. Asubuhi, tulipofika Kalaburagi, walitununulia chai na idli na wakakataa kurudishiwa fedha. Sehemu iliyobaki ilikuwa mawe, mashamba ya pamba na usingizi.

Jumamosi: Tolichowki

Tulipanga chumba Tolichowki, mtaa unaokaliwa na Wasomali, Wasudani, Wayemeni na wanafunzi wengi wa Kiafrika, kwa rupia 1,500 kwa usiku pamoja na jiko dogo. Jiko ni muhimu kuliko kiyoyozi, kwa sababu tiba hii huanzia sahanini. Mwanafunzi mmoja wa famasia kutoka Unguja, aliyeelekezwa kwetu na rafiki wa rafiki, alifika jioni ileile, akamwamkia Mjomba "Shikamoo," kisha akajitolea kuwa mkalimani wetu wa Kiurdu. Hakuna malipo aliyokubali isipokuwa kupikiwa maharage ya nazi.

Jumatatu: kwa tabibu

Zahanati yenyewe ni ya binafsi, ghorofa mbili, katika mji mkongwe. Tabibu, mtu wa makamo anayeitwa na kila mtu Hakim Sahib, alianza kwa kumshika Mjomba mkono kwa vidole vinne juu ya mshipa, akanyamaza muda mrefu kiasi kwamba Mjomba alinitazama kwa wasiwasi. Baadaye akapapasa ngozi kuona ni ya moto au ya baridi, kavu au yenye unyevu, akatazama ulimi, nywele, unene wa misuli, akauliza habari za usingizi, choo, mkojo, hasira na ndoto. Hizo ni sehemu ya alama kumi ambazo matabibu hao huzitumia kuujua mzaji wa mtu, yaani namna joto, baridi, unyevu na ukavu vilivyochanganyika mwilini mwake. Kwa elimu yao mwili una vimiminika vinne: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kupooza upande mmoja, wanakokuita falij, kwa kawaida hukuhesabu kuwa ugonjwa wa belghamu, baridi na wenye unyevu. Ndiyo sababu baridi haitakiwi.

Niliuliza lini kukanda kutaanza, kwa kuwa hilo ndilo lililotuleta. Akacheka, akaniambia kwamba kukanda si jambo moja. Galen, tabibu wa karne ya 2 ambaye wao humwita Jalinus, alikugawa kwa nguvu ya mkono kuwa kugumu, kulaini na kwa wastani, kisha kwa muda kuwa kurefu, kufupi na kwa wastani. Ukizichanganya unapata aina tisa. Ibn Sina, katika kitabu chake Qanun alichokikamilisha karibu mwaka 1025, aliendeleza mlango huohuo. Kukanda kugumu hukaza na kuimarisha kiungo kilicholegea, kulaini hulegeza kilichokazana, kurefu hupunguza nyama, kwa wastani hukuza. Kuna pia kusugua kwa kitambaa cha kukwaruza, kunakoivuta damu ije juu ya ngozi, na kusugua kwa kiganja laini au kitambaa laini, kunakoikusanya damu ndani ya kiungo. Hata kabla ya mazoezi na baada yake kuna aina zake, moja ya kuuandaa mwili na nyingine ya kuurudisha katika utulivu. Jina la jumla ni dalki.

"Sasa mkono wa mzee," akasema, "una misuli iliyokazana juu ya misuli iliyodhoofika. Nikiukanda kwa nguvu leo, nitaukaza uliokwisha kukazana."

Nilikumbuka vile mkandaji wetu wa mtaani alivyokuwa akimkandamiza Mjomba kwa vidole gumba hadi machozi yakamtoka, nasi tukihesabu maumivu kuwa ndiyo dawa.

Ada ya kumwona tabibu ilikuwa rupia 500. Chukueni orodha ya dawa zote za hospitali, iliyoandikwa kwa majina ya dawa na vipimo. Orodha yetu ilibadilisha mambo mawili papo hapo. Kwanza, tabibu aliondoa urukususu kwenye dawa ya kuchemsha, kwa kuwa mzizi huo hupandisha presha. Pili, alikataa kabisa kumpiga chuku ya kutoa damu, ingawa Mjomba aliitaka sana kwa kuwa huku kwetu hijama inasifiwa kwa kila ugonjwa. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, alisema, hachanjwi ovyo.

Wiki ya kwanza: mkono laini

Siku za mwanzo zilikuwa za kuiandaa belghamu, yaani kuilainisha ili iweze kutoka. Mjomba alikunywa kila asubuhi maji yaliyochemshwa kwa shamari, zabibu kubwa na tini kavu. Chakula kilikuwa maji ya asali, supu ya dengu, supu ya ndege na mikate mikavu. Wali, mtindi, samaki na maji ya barafu vilipigwa marufuku. Kumpeleka mtu wa Pwani katika mji wa biriani kisha kumnyima wali ni adhabu, na Mjomba aliniambia hivyo kila tulipopita mbele ya hoteli.

Kukandwa kulianza Jumatano, saa tatu asubuhi, tumbo likiwa jepesi. Wanaume hukandwa na wanaume na wanawake na wanawake, katika vyumba tofauti. Chumba kilikuwa na joto, madirisha yamefungwa ili upepo usiingie. Mkandaji, mtu mwembamba aliyekuwa akimwita Mjomba *chacha*, yaani baba mdogo, alipasha mafuta ya babuna juu ya bakuli la maji moto. Mafuta hayo hutengenezwa kwa maua ya babuna yaliyolowekwa au kuchemshwa katika mafuta ya ufuta, na huhesabiwa kuwa ya moto wa kadiri.

Hakuanza na mkono. Alianza na shingo na uti wa mgongo, kwa sababu ndiko mishipa ya fahamu inakochipukia. Ugonjwa uko mkononi, lakini dawa hupelekwa kwenye shina. Kutoka hapo akashuka begani, kiwikoni, kiganjani, kwa mwendo wa polepole ambao kwa macho yangu ulifanana na kupaka mafuta tu. Nusu saa nzima hakubonyeza hata mara moja kwa nguvu. Mwisho alikanda bega kwa vifurushi vya kitambaa vyenye pumba za ngano na chumvi vilivyopashwa moto, akamfunika blanketi na kumwacha alale. Maji ya baridi hayakuruhusiwa hadi jioni.

Jambo moja lilinivutia. Vitabu vinaelekeza kwamba kiungo kikandwe mpaka ngozi ianze kuwa nyekundu na kujaa kidogo, kisha mkandaji asimame kabla hali hiyo haijapungua. Ngozi ya Mjomba ni nyeusi, wekundu hauonekani. Mkandaji akawa kila baada ya dakika chache anaweka mgongo wa kiganja chake juu ya mkono ulio mzima, halafu juu ya ule mgonjwa, akilinganisha joto. Nilipomuuliza kupitia mkalimani wetu, akasema kwamba wagonjwa wake wengi ni weusi kwa jua la uwanda huu wa Dekani, hivyo jicho hakulitegemea tangu zamani.

Gharama ya kila kikao ilikuwa rupia 600 pamoja na mafuta. Tuktuk kutoka Tolichowki hadi mji mkongwe ilitaka kuanzia rupia 150, na dereva akikuona una mgonjwa mgeni huongeza. Tumieni programu ya simu ili bei ijulikane kabla ya kupanda.

Ijumaa: Charminar na Darulshifa

Ijumaa hapakuwa na tiba. Tulisali Makkah Masjid, kisha tukakaa kwa chai ya Kiirani na biskuti za Osmania, rupia 50 kwa wawili. Charminar ilijengwa mwaka 1591, na hatua chache kutoka hapo ndipo ilipo hospitali ya serikali ya Nizamia, jengo kubwa la matao lililojengwa wakati wa Nizamu, yaani mtawala wa Hyderabad, wa saba, Mir Osman Ali Khan, ambako tiba ya Kiyunani inatolewa kwa umma na chuo cha Nizamia kinafundisha. Tuliingia ukumbi wa wagonjwa wa nje. Foleni ni ndefu, wengi ni akina mama wenye maumivu ya magoti, na harufu ya dawa za kuchemsha imeingia hadi kwenye kuta. Asiye na fedha za zahanati binafsi asiikwepe, ila aende na mtu anayejua Kiurdu au Kitelugu na afike asubuhi mapema.

Ng'ambo kidogo kuna mtaa wa Darulshifa, uliobakiza jina la hospitali na chuo cha tiba kilichoanzishwa huko na Sultani Muhammad Quli Qutb Shah mwishoni mwa karne ya 16. Mjomba alichoka, hatukukaa.

Wiki ya pili: mkono mgumu

Baada ya dawa ya kuharisha, iliyomlaza Mjomba siku nzima na ambayo sitaisimulia, tabibu alipima tena mshipa na kubadilisha maagizo. Mafuta sasa yakawa ya qust, mzizi wa moto zaidi. Sehemu za mkono zilizolegea, yaani upande wa nje wa kigasha na misuli inayonyoosha vidole, zikaanza kukandwa kwa nguvu na kwa muda mfupi, ilhali zile zinazokunja ziliendelea kukandwa kwa ulaini na kwa muda mrefu. Ndani ya kiungo kimoja kulikuwa na dozi mbili zilizo kinyume. Hapo ndipo nilipoelewa kwa macho kile nilichoambiwa kwa maneno siku ya kwanza, na nikaanza kuandika dakika za kila sehemu.

Kabla ya kukandwa aliingizwa hamamu, chumba cha uvuguvugu kwanza, baadaye cha moto zaidi, kwa muda mfupi tu kwa sababu ya presha, ambayo ilipimwa kabla na baada. Siku moja ilikuwa juu. Tabibu hakubishana na kipimo. Tukarudishwa nyumbani bila kukandwa na bila kulipa. Vivyo hivyo hawamkandi mwenye homa, mwenye uvimbe wa moto, mwenye kidonda mahali pa kukandwa, wala aliyetoka kula.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa akija zahanatini humohumo mara tatu kwa wiki, na mazoezi yalifanywa mara baada ya dalki, mkono ukiwa bado na joto. Kwa hiyo sina namna ya kutenganisha kazi ya mafuta na kazi ya mazoezi, na anayedai anaweza kuzitenganisha kwa mgonjwa mmoja namshangaa.

Jumapili: Barkas na makaburi ya matabibu

Ukoo wa Mjomba upande wa baba ni wa Hadhramaut, hivyo aliposikia habari za Barkas hakutulia. Ni mtaa wa kusini mwa mji wenye wazao wa askari wa Kiarabu, wengi wao Wahadhrami, waliotumikia majeshi ya Nizamu. Wazee wamevaa vikoi, watoto wanauza mapera, na harufu ya mandi, wali wa nyama wa Kiyemeni, imejaa barabarani. Mzee mmoja aliyekaa barazani alimwuliza Mjomba jina la ukoo, akalirudia mara mbili, kisha akatuingiza ndani. Sahani kubwa ya mandi ikaletwa. Mjomba alikula nyama, akautazama wali, akanitazama mimi. Mwenyeji alipoelezwa masharti ya tabibu, akaamuru aletewe harisi, ngano iliyopondwa pamoja na nyama, akasema mamake alimlisha hiyo hiyo mgonjwa wa falij nyumbani mwao. Tabibu kesho yake alisema bakuli dogo halina neno.

Jioni tulipita kwenye makaburi ya wafalme wa Qutb Shahi. Katikati ya makuba ya masultani kuna makuba mawili ya matabibu wa kasri, Nizamuddin Ahmed Gilani na Abdul Jabbar Gilani, waliozikwa karibu na wafalme waliowatibu. Eneo lina ngazi nyingi; ukiwa na mtu wa mkongojo, tazameni kwa mbali tu.

Wiki ya mwisho na kurudi

Siku zilizofuata zilifanana: tuktuk, mafuta, vifurushi vya pumba, usingizi. Tarehe 11 Februari, siku aliyozaliwa Hakim Ajmal Khan, tabibu mashuhuri wa Kiyunani, mwaka 1868, husherehekewa kama Siku ya Unani nchini kote, na zahanati ilitoa vipimo vya bure na chai kwa mtaa mzima.

Matokeo ninayaandika kama yalivyo. Bega lilipungua maumivu kiasi cha Mjomba kulala usiku kucha. Kiwiko kinanyooka zaidi kuliko mwanzo, ingawa hakijanyooka chote. Vidole vinafunguka vikisaidiwa na mkono wa kulia, navyo hukaa wazi kwa muda kabla ya kujifumba tena. Kushika kijiko kwa mkono wa kushoto bado.

Kabla ya kuondoka, ombeni tabibu aandike dalki kama anavyoandika dawa: sehemu gani, nguvu gani, dakika ngapi, mafuta gani, lini kusimamisha. Yetu ilijaza kurasa mbili, na yule mwanafunzi wa Unguja akaitafsiri. Mafuta ya chupa kubwa hayaruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi. Yafungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki katika sanduku la chini, na vizibo vizungushiwe utepe. Chupa zetu zote zilifika salama isipokuwa moja, iliyolowesha kanzu mbili.

Mombasa, mkandaji wetu wa zamani alizisoma kurasa zile kwa kuguna. Alipofika mahali paliposema "kwa ulaini, dakika kumi na tano, bila kubonyeza," aliuliza nani atamlipa kwa kazi isiyo na jasho. Tumekubaliana shilingi 700 kwa kikao, asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, na mimi nikiwa nimekaa pembeni na saa. Mafuta ya babuna yakiisha tutatumia ya ufuta matupu, ambayo tabibu aliyaruhusu, na mtaalamu wa viungo wa hospitali amekubali kupanga mazoezi yake yafuate mara baada ya kukandwa.